Gumegume

Kaka yako wa Mlandizi alirithi mtutu.
Dada yenu akabeba kitako, akakifanya komeo la mlango.
Wewe, Mwishehe, ukaachiwa mtambo tu.
Ukauleta Gerezani ndani ya kopo la maziwa ya unga,
umezama kwenye mafuta ya taa kama meno ya bandia.
"Fundi Chausiku yupo?" ukauliza,
ukichungulia nyuma yangu, labda Chausiku mwanaume
angetokea stoo.

Siku ya kwanza sikugusa tupa.
Nilisugua kutu kwa mswaki wa meno
mpaka likatoka ua dogo la nakshi, na herufi moja
ambayo ni M au W, inategemea umeshikaje.

Kile kidude kinachoinama na jiwe mdomoni
sijui babu zako walikiitaje. Mimi nilimwita kunguru.
Wa zamani alivunjika shingo.
Mpya uliagiza ng'ambo, wa kusubu,
mweupe, mnene, hana hata kovu,
na tundu lake la mraba halikuujua mhimili wa kwenu:
nikimvisha, anatazama mawingu
badala ya kuinamia kazi.

Kulipanua tundu ni dakika tano.
Kulirudisha, hakuna fundi.
Nikawasha mshumaa, nikaupaka mhimili masizi,
nikaingiza, nikatoa, nikatazama
weusi umehamia wapi. Hapo tu ndipo tupa ipite.
Mara mbili. Siyo tatu. Masizi tena.
Ulikuja Jumatano ukaniona hivyo
ukadhani sijaanza.

Springi ya kwanza niliikata kwenye msumeno mkukuu wa Keko,
nikaichoma, nikaizamisha kwenye mafuta ya alizeti.
Kuipinda kidogo, tik!
ikapita dirishani hadi kwa wauza nati,
nikasikia mama wa mtu anatukanwa.
Ya pili niliipasha tena, taratibu, nikingoja rangi:
manjano ya nyasi kavu, kahawia, zambarau,
kisha ile buluu ya sketi ya shule
iliyofuliwa mihula mingi.
Umeme ulikuwa umekatika. Niliiona kwa mwanga wa makaa,
na pengine ndiyo maana niliiona.

Ukabaki uso wa chuma, ule wa kukwaruzwa na jiwe.
Laini. Jiwe linapita, hautoi hata chozi la moto.
Nikaufukia ndani ya kopo lako lilelile
pamoja na mkaa wa mifupa na soli ya kiatu cha ngozi,
nikaziba kwa udongo, saa tatu kwenye jiko.
Mtaa mzima ulinuka kwato.
Mama ntilie alihamisha sufuria zake, hajarudi kunisalimia.

Jiwe ulilitoa mfukoni mwenyewe.
Gumegume, ukasema, na mimi nikacheka,
maana mume wangu wa kwanza shangazi zangu walimwita hivyo,
miaka sita, mbele ya wageni.
Sikujua neno lina moto ndani.

Tulifunga mlango ili giza litusaidie.
Nikamvuta kunguru: kidato cha kwanza, anapumzika.
Cha pili, ananing'inia.
Nikabonyeza.

Cheche zilimwagika kwenye kisahani kitupu,
nyingi, za dhahabu, zikafa zote
bila baruti, bila mtutu, bila wa kumwogopesha.
Hukupiga makofi.
Ulitoa simu, ukampigia kaka,
ambaye, ulishaniambia, hamjasemezana tangu arobaini.
Hukusalimia.
Ukaiweka simu mezani karibu na mtambo,
ukanikonyeza.

Nikavuta. Nikabonyeza.

Kimya kirefu, na huko Mlandizi jogoo wa mtu
anawika saa isiyo yake.
Kisha sauti, nzito, ya mtu aliyesimama kutoka kitini:
"Rudia."